Kuba ya Ukubwa wa Ukucha

Kabla hujanunua chochote, okota jiwe ulikwaruze kwa ukucha. Ukiona unga mweupe umebaki chini ya kucha, hilo ni laini kupita kiasi, yaani jasi au ndugu yake. Ukucha ukigonga mwamba, chukua kisu cha jikoni. Jiwe ambalo ukucha umeshindwa kulikwaruza lakini kisu kinalichora bila kutumia nguvu ndilo nitakalo uanze nalo kusugua. Na lile linaloacha mkwaruzo kwenye chupa ya soda, lirudishe ulikolitoa. Hilo lina watu wake, wenye mashine na umeme wa kuchezea.

Jaribio hili lina wenyewe. Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga mawe kwa ugumu mwaka 1812, kutoka 1 hadi 10, na mpango wake unatumika hadi leo. Jasi ni 2. Ukucha wako ni 2 na nusu hivi. Kalsaiti, ambayo ndiyo mwili wa jiwe la chokaa tunalojengea nyumba pwani nzima ya Kilwa na Lindi, ni 3. Kisu kipo kwenye 5 na nusu, akiki ni 7. Msasa wa dukani umebeba chembe zenye ugumu wa 9, kwa hiyo hakuna jiwe tutakalolisugua hapa litakaloushinda. Litakaloshindwa ni subira yako.

Tunachotafuta ni kaboshoni, yaani jiwe lililosuguliwa likapata mgongo wa mviringo na tumbo bapa, bila zile pembe nyingi za almasi. Jina limetoka kwenye neno la kale la Kifaransa lenye maana ya kichwa. Sisi tumezoea kuliona kwenye pete ya akiki kidoleni mwa mzee aliyetoka Hijja. Ukitaka kuliona umbo hilo kwa ukubwa, vuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani, ingia Msikiti Mkuu, uinue macho. Kuba zile ni kaboshoni unazozitazama kwa ndani.

Na kazi yenyewe si ngeni huku. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa Kisiwani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, alikuta vigae vya vyungu na vipande vya mawe vyenye vijifereji, kila kijifereji upana wa ushanga mmoja. Ndipo watu wa Kilwa walipokuwa wakisugulia shanga za kombe, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kombe la bahari lina ugumu wa 3 na nusu hadi 4, karibu sawa na mawe tutakayoshika sisi. Shanga za akiki nazo zilikuwepo mjini, lakini zilikuja na majahazi kutoka Gujarati, zikiwa zimeshamalizwa huko Khambhat kwa mafundi wenye nyenzo za kazi hiyo. Mtu wa Kilwa alinunua ngumu, akasugua laini. Sioni kwa nini mimi na wewe tujifanye tunajua zaidi.

Sasa jiwe litoke wapi? Nianze na pale lisipotakiwa kutoka. Usiguse chochote kwenye magofu ya Kisiwani wala Songo Mnara, hata kipande kilichoanguka chenyewe. Mahali hapo ni urithi wa dunia tangu 1981, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kigae cha kusugulia shanga kikiwemo. Tumbawe hai pia liache baharini. Najua mafundi wa zamani walilikata likiwa bichi na laini, wakalichonga mihirabu kabla halijakauka likawa gumu, na kazi yao inapendeza hadi leo. Wao walikuwa na miamba ambayo sisi hatuna tena. Na ukifika upande wa Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, tembea mikono ikiwa nyuma.

Hata hivyo yamebaki mengi. Karibu na Kiranjeranje, kule Makangaga, kuna machimbo ya jasi inayosombwa kwa malori kwenda viwanda vya saruji, maana saruji isiyo na jasi huganda kabla fundi hajainua mwiko. Mtu mwenye leseni akikupa au kukuuzia bonge la ukubwa wa ngumi, tosheka. Usiingie shimo la watu na sururu yako, madini yana sheria yake na mashimo yana hatari zake. Ukibahatika kupata kipande chenye nyuzi, kile kinachoonekana kama uzi wa hariri uliogandishwa, kitunze. Kikisuguliwa kuba, huku nyuzi zikilala sambamba na tumbo, mstari wa mwanga husimama juu yake na kutembea ukikigeuza, mithili ya jicho la paka.

Langu mimi ni jiwe la chokaa. Kwenye lundo la mawe ya kujengea, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, lowesha moja baada ya jingine. Maji yanakuonyesha leo rangi utakayoipata wiki ijayo. Mengi yatakuwa rangi ya uji. Machache yatatoa manjano ya embe, wekundu wa chuma kilichoshika kutu, au mishipa ya kalsaiti inayopitisha mwanga. Na mengine yana sarafu. Ndiyo jina ninaloviita vile visukuku bapa vya mviringo vilivyojaa kwenye baadhi ya mawe ya ukanda huu. Wataalamu wanaviita numulaiti, na jina hilo nalo limetoka kwenye neno la Kilatini la sarafu. Ni magamba ya viumbe vya bahari vyenye seli moja tu, vilivyoishi zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Ukimkata mmoja sambamba na ubapa wake unaona vyumba vyake vimepangana kwa mzunguko, kama kamba iliyokunjwa sitahani. Kwa mji uliokuwa ukifua sarafu zake wenyewe enzi za masultani, naona ni haki jiwe lake nalo liwe na zake.

Ukitaka rangi kali zaidi utanunua. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka, Kenya, lenye waridi na krimu, ni laini kama siagi ya baridi na linafaa sana kwa mtoto anayejifunza. Malakaiti ya kijani kutoka Kolwezi, Kongo, ina miduara inayomfanya mtu asahau bei, lakini ina shaba ndani yake na vumbi lake ni sumu. Usiisugue kavu hata kwa dakika moja, wala usiisugue mezani mnapolia chakula.

Kuhusu vifaa, cha kwanza ni msasa. Kabla ya kuwa karatasi, msasa ulikuwa mti, na upo bado. Majani yake yanakwaruza hivi kwamba watu walisugulia mbao kwayo, na duka la vifaa likarithi jina. Lakini ukifika kaunta usiseme "nipe msasa" tu, utapewa wa mbao, ambao ukishalowa gundi inaachia na mchanga unabaki mkononi. Sema msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi rangi wa magari. Chukua namba 150, 240, 400, 600, 1000 na 2000, karatasi moja moja. Namba ikipanda, chembe zinapungua ukubwa. Nimemwona mtu mzima na akili zake akianza na 2000 kwa kudhani ndiyo yenye nguvu. Alisugua hadi adhuhuri, jiwe likabaki vilevile.

Ongeza msumeno wa chuma, tupa, kipande cha kioo kinene kilichofungwa gundi ya karatasi pembeni kisikukate, ndoo mbili za maji, gundi ya haraka, vijiti vinene kama kidole na kipande cha ngozi ya kiatu. Halafu tembea ufukweni ukaokote kandambili iliyotupwa na bahari. Usicheke, utaiona kazi yake.

Kata kibamba cha maki ya milimita 6 au 7. Kaa kivulini penye upepo, mimina maji kwenye mkato mara kwa mara. Vumbi la chokaa peke yake si adui mkubwa, ila mawe yetu mengi yamechanganyika na mchanga, na vumbi la mchanga likiingia mapafuni halitoki. Jiwe lilowe muda wote, na likikauka kidogo usilipulize kwa mdomo. Jasi ndiyo pekee ya kuonea huruma kwenye maji, kwa sababu inayeyuka polepole. Lowesha, sugua, futa. Usiilaze ndooni usiku kucha.

Anza na tumbo. Weka msasa 150 juu ya kioo, tia maji, laza kibamba, ukizungushe kwa mwendo wa namba nane ukibonyeza sawasawa. Wenye haraka huliacha tumbo hivyohivyo kwa kuwa halionekani. Tumbo likiyumba, kiuno cha jiwe kitapanda upande mmoja na kushuka mwingine, na sonara atakayelizungushia fedha atakuuliza ulikuwa umepanda mtumbwi au vipi. Lifikishe mpaka 400, inatosha.

Kwenye tumbo hilo chora umbo kwa kalamu ya risasi. Duaradufu ya milimita 25 kwa 18 ni kipimo kizuri cha kuanzia, mkono unaishika na jicho linaona makosa. Ikate kwa msumeno nje ya mstari, kisha tupa iimalize hadi mstarini. Kalsaiti ina tabia ya kupasuka kwa mshazari pale ilipo na mishipa mikubwa, kwa hiyo vuta tupa kutoka ukingoni kwenda ndani, usivute kwenda nje.

Bandika tumbo kwenye kijiti kwa gundi ya haraka na uache likauke kabisa. Mafundi wengine hutumia lakiri iliyoyeyushwa motoni, na kwa akiki ni sawa. Mimi niliwaiga kwenye jasi. Nilikuwa na kipande kimoja kisafi cha Makangaga, unaona kidole ng'ambo ya pili. Nikakipasha ukingoni mwa jiko la mkaa ili lakiri ishike vizuri, nikaenda kupokea simu. Niliporudi, upande wa chini ulikuwa mweupe kama chaki. Jasi ina maji ndani ya mwili wake. Ikipata moto inayatoa, na inachobaki nacho ni ule unga wanaofungia mifupa iliyovunjika hospitali. Hakuna msasa unaoyarudisha maji hayo. Tangu siku ile moto na jasi kwangu havikai chumba kimoja.

Sasa kuba. Shika kijiti kama penseli, laza ukingo wa jiwe kwenye msasa 150 kwa mshazari wa nyuzi 45, uzungushe kijiti huku ukisugua, hadi jiwe zima livae mkanda mmoja ulio sawa. Acha milimita moja au mbili za kiuno chini ya mkanda, hapo ndipo fedha itakaposhikilia. Kisha inua kijiti kidogo, piga mkanda wa pili juu ya wa kwanza, ulio mpana zaidi. Kwa jiwe la ukubwa huu mikanda miwili inatosha, na juu patabaki uwanja mdogo bapa. Wanaoanza huutamani uwanja huo mapema wakaukimbilia, wakaishia na kitu kama paa la banda. Uache. Kazi yako ni kuondoa matuta kati ya mkanda na mkanda, na kuba itakuja yenyewe juu mwishoni.

Hapa ndipo kandambili inapoingia. Kata unyayo wake kipande cha ukubwa wa kiganja, ukizungushie msasa. Sponji inabonyea kidogo chini ya jiwe, na ule mbonyeo unalikumbatia tuta na kulilainisha, kitu ambacho kioo hakiwezi. Tembeza jiwe kutoka kiunoni, lipande juu, lishuke upande wa pili, huku kijiti kikizunguka vidoleni. Ukichoka badili mkono.

Bibi mmoja jirani yangu alinitazama siku nzima nikifanya hivyo barazani. Jioni akashindwa kuvumilia. "Mjukuu wangu, hilo jiwe limekukosea nini?"

"Halijanikosea, bibi. Nalitafutia mng'aro."

"Haya. Ukiupata uniite."

Mng'aro haukai kwenye polishi. Unakaa kwenye namba 400 na 600, na wengi wanaupoteza hapo bila kujua. Kila msasa unaacha mikwaruzo yake, na kazi ya msasa unaofuata ni kuifuta yote kisha kuacha yake midogo zaidi. Ukihama 240 ikiwa haijafuta kazi ya 150, basi 400 haitakusaidia, maana chembe zake ni ndogo mno kufika chini ya bonde lile. Itang'arisha kingo za bonde tu, wewe utajipongeza, na ukifika 2000 chini ya taa utaona mstari mmoja mweupe umekatiza kuba kama ufa wa yai. Kuurekebisha ni kurudi mwanzo kabisa.

Kinga yake ni rahisi, ila inachosha. Kila namba isugue upande mmoja, inayofuata isugue kwa kukatiza. Kila mara jiwe likaushe kabisa kwa kitambaa, kwa sababu maji huficha mikwaruzo, kisha lielekeze dirishani kwa pembe, mwanga uje kwa ubavu. Ukiona mstari wowote unaokwenda kinyume na wengine, huo ni wa namba iliyopita. Rudi. Kabla ya kubadili namba, osha jiwe, kijiti, vidole na chini ya kucha kwenye ndoo ya kwanza, halafu suuza kwenye ya pili. Chembe moja ya 150 iliyojificha chini ya ukucha imeniharibia jioni nyingi kuliko kukatika kwa umeme.

Jiwe lenye sarafu lina usumbufu wake wa ziada. Kisukuku na chokaa iliyokizunguka havina ugumu sawa, na sponji ikibonyea, palipo laini panaliwa haraka. Unapitisha kidole unahisi vilima na mabonde. Kuanzia 600 iache kandambili, weka msasa juu ya ngozi ngumu, bonyeza kidogo, tumia karatasi mpya badala ya iliyochoka. Langu la mwisho, la manjano, lilikuwa na sarafu tatu, moja imekatwa sawasawa katikati. Kwenye 240 ilikuwa doa tu. Kwenye 600 nikaanza kuona mizunguko. Kwenye 1000 vyumba vikaanza kujitenga, kila kimoja na ukuta wake mwembamba, nikasimama kuhesabu, nikapotea kwenye thelathini na kitu. Sijalimaliza mpaka leo, kila nikilishika naligeuza.

Baada ya 2000 jiwe litakuwa na mng'aro wa ngozi iliyopakwa mafuta. Polishi ni hatua fupi. Lowesha ngozi, paka kompaundi kidogo, ile nzito ya mafundi rangi wa magari, usugue kwa nguvu hadi ngozi ianze kukauka na kuvuta jiwe. Ule mvuto ndio wenye kazi. Dawa ya meno nyeupe nayo inafanya kazi kwenye chokaa, usione aibu kuitumia, ingawa jiwe litanukia mnanaa kwa siku mbili. Oksidi ya bati ni bora kuliko zote, ukipata mtu wa kukuletea kutoka Arusha kwenye mafundi wa vito. Vanishi sitaki hata kuisikia. Jiwe lililopakwa vanishi linang'aa kama sahani ya plastiki, na likichubuka kidogo ukweli unatoka nje.

Kulibandua jiwe kijitini, weka matone ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha kwenye kiungo, subiri, zungusha kijiti taratibu. Usilichokonoe kwa kisu. Halafu lipake nta ya nyuki kidogo mno, ulifute kwa kanga kuukuu.

Usilitie jiwe hili kwenye pete ya kila siku. Pete inagonga mlango, inachota mchanga, inakamua ndimu, na ndimu ni adui wa chokaa. Dondosha tone moja kwenye kipande ulichotupa uone linavyochemka. Fanya kidani au herini. Jasi hata herini ni mtihani. Yafaa kukaa kwenye kisahani chenye pamba ikitazamwa.

Bibi nilimwita kama alivyoagiza. Akaliangalia jiwe, akaligeuza, akalifunga kwenye pindo la kanga yake pamoja na funguo, akaenda zake. Mwezi wa pili akalirudisha, limepoteza mng'aro, kuba imekwaruzwa na funguo. Likikupata kama hilo usianze upya. Litazame kwa ubavu kwanza. Mikwaruzo ikiwa juujuu tu, anza na 1000 nyepesi juu ya kandambili, kisha 2000, kisha ngozi. Robo saa. Nilipomrudishia nilimshonea na kifuko cha kitambaa. Funguo akazifunga pindo la pili.